Chumvi nne juu ya meza moja: ipi ibaki jikoni?

Mama alirudi kutoka kliniki na kadi iliyoandikwa presha 162/98, pamoja na sentensi moja ya muuguzi: "Bibi, punguza chumvi." Hakuambiwa apunguze kutoka ngapi hadi ngapi, wala chumvi gani. Nyumbani kwetu Tanga habari ya namna hiyo haikai siku mbili. Kabla mwezi haujaisha kila mtoto alikuwa ameleta dawa yake. Kaka aliyeko Muscat alimpa msafiri mfuko wa chumvi ya pinki aje nao. Dada wa Dar alileta kikopo cha chumvi yenye sodiamu pungufu, alichokinunua supamaketi kwa bei iliyomfanya mama aulize kama ndani mna zafarani. Mimi nilikuwa na paketi yangu ya kawaida ya nusu kilo. Na mama mwenyewe, kimya kimya, alikuwa na kopo lake la chumvi ya mawe chini ya meza, ile ya mabwawani, ambayo kwake ndiyo chumvi yenye chumvi.

Nikazipanga zote nne mezani, nikatoa mizani ndogo ninayopimia unga wa keki. Kijiko cha chai cha chumvi ya paketi, kikishafutwa juu kwa mgongo wa kisu, kilipima gramu 6. Cha chumvi ya mawe kilikuwa gramu 5 kasoro kidogo, kwa sababu katikati ya punje kubwa kuna hewa. Ya pinki nayo, kwa kuwa ilikuwa ya chenga kubwa, ilikaribia hapo hapo. Tofauti ya kwanza ikawa hiyo, na ni ya kijiko tu.

Kinachopandisha presha ni sodiamu. Katika kila gramu 5 za chumvi ya kawaida kuna takriban gramu 2 za sodiamu, na hapo ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoweka mpaka wa mtu mzima: chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kutoka kila alichokula, mkate na samaki wakiwemo. Wastani wa dunia unakaribia gramu 11. Umeona kopo la chumvi linavyotota wakati wa masika? Mwilini nako sodiamu haikai bila maji. Ikizidi, maji hubaki kwenye damu, moyo ukawa na mzigo mkubwa wa kusukuma, mishipa ikakakamaa, na figo zenye kazi ya kuitoa nje zikachoka. Mara nyingi mtu hasikii kitu mpaka siku mdomo unapokwenda upande.

Ya mawe na ya paketi

Hizi mbili ndizo zinazogombaniwa kwenye majiko yetu, kwa hiyo nianze nazo. Ya mawe inatoka mashamba ya chumvi ya pwani: maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua likayakausha, chumvi ikakwanguliwa na kurundikwa. Utayaona mashamba hayo Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Lindi mpaka Mtwara, na upande wa Kenya kule Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi. Bara iko ya Uvinza, mkoani Kigoma, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Sina ugomvi na chumvi hiyo. Ina utamu wake, na kwa kukaushia samaki au kutilia maembe ya achari siibadilishi na nyingine.

Kwa upande wa sodiamu, gramu kwa gramu, hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Anayekwambia ya mawe "haina presha kwa sababu ni ya asili" anakuuzia maneno. Zinapoachana ni kwenye madini joto, yaani iodini, na ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni mara nyingi haijawekewa.

Sisi watu wa pwani tuna imani moja ya zamani: rovu ni la watu wa milimani, sisi tunakula bahari. Nusu yake ni kweli. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa uvimbe wa tezi la shingo, maana mvua za karne nyingi zimeiosha iodini kwenye udongo wa milima. Lakini uchunguzi uliofanywa Unguja na Pemba miaka ya mwanzo ya 2000 uliwakuta watoto wa shule wenye rovu, na Pemba walikuwa wengi zaidi. Visiwani, bahari pande zote! Maelezo yake hayana uchawi: iodini ya maji ya bahari haibaki ya kutosha kwenye chumvi inapokauka bwawani. Samaki wa bahari anayo, chumvi ya bahari karibu haina. Nyumba isiyonunua samaki kila siku na inayotumia chumvi ya mabwawani inakosa huku na huku.

Rovu lenyewe linaonekana, kwa hiyo watu hulihofia. La kuogopwa zaidi halionekani: mjamzito akipungukiwa na iodini, ubongo wa mtoto tumboni haukui inavyopasa, na hilo halirekebishwi baadaye kwa chumvi ya aina yoyote. Ndiyo maana tangu katikati ya miaka ya 1990 Tanzania inataka chumvi ya kula iwekewe madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250.

Hapo mama aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Sasa nikipunguza chumvi, si nitapunguza na hayo madini joto?" Nikachukua kalamu. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo inakupa mikrogramu 150 katika gramu 5 tu. Kwa hiyo anayekula kwa kipimo hakosi chochote, mradi chumvi yenyewe ni ya kufungwa, isiyokaa juani dukani wiki nzima, na nyumbani iko kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke wa sufuria. Na ukiitia chakula kinapokaribia kuiva badala ya mwanzoni, madini yanayopotea yanakuwa machache. Kuna faida nyingine ambayo nimeiona mwenyewe: ya mwishoni ulimi huisikia upesi, kwa hiyo hutii nyingi.

Kati ya hizi mbili mimi sisiti. Jikoni ibaki ya paketi, ya mawe iende kwenye ndoo ya samaki.

Ya pinki

Hii sitakaa nayo sana. Huitwa ya Himalaya, na nyingi huchimbwa mgodi wa Khewra, jimbo la Punjab nchini Pakistan. Rangi yake inatokana na chuma kilichoshika kutu. Asilimia kama 98 ni kloridi ya sodiamu, ile ile ya kwenye paketi, na hayo madini yanayosifiwa mitandaoni ni kidogo mno: ukitaka upate chuma cha maana kutoka humo itabidi ule chumvi ya kukuua kwanza. Fungu moja la mchicha linaishinda. Kwa kawaida haina madini joto, kwa hiyo ukiifanya ndiyo chumvi pekee ya nyumba yenye mjamzito, umelipa pesa nyingi kununua upungufu. Ni nzuri kwa macho, nakubali. Kaka hakupenda nilipomwambia hivyo kwa simu. Alisema huko Muscat kila mtu anaitumia. Sawa.

Ya potasiamu

Kikopo cha dada ndicho kilichonifanya nisome mpaka usiku. Chumvi yenye sodiamu pungufu hutengenezwa kwa kuondoa sehemu ya kloridi ya sodiamu na kuweka kloridi ya potasiamu mahali pake. Mizani ya faida iko pande mbili: sodiamu inapungua, na potasiamu inayoongezeka nayo husaidia figo kuitoa sodiamu na kulegeza mishipa.

Ushahidi wake si wa kubahatisha. China ilifanyika kazi kubwa iliyotangazwa mwaka 2021: vijiji 600, watu karibu 21,000, waliowahi kupata kiharusi au wenye miaka 60 na zaidi na presha ya juu. Nusu ya vijiji walipewa chumvi iliyochanganywa, takriban robo tatu ya kawaida na robo ya potasiamu, nusu wakaendelea na chumvi yao. Baada ya miaka karibu mitano, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 upande wa chumvi mpya, na vifo kwa asilimia 12. Hakuna aliyeambiwa aache wali wala abadilishe mchuzi. Kilichobadilika ni kopo. Na hali ya vijiji hivyo inafanana na yetu kwa jambo moja kubwa: chumvi nyingi wanayokula hutiwa jikoni na mpishi, haiji imeshatiwa kiwandani.

Sisi tunao ushahidi wa karibu zaidi kuhusu hii potasiamu, na nashangaa hausimuliwi mara kwa mara. Watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa Uingereza mwaka 1990. Presha za waliohama zilipanda ndani ya miezi ya mwanzo tu, na mkojo wao ulieleza kisa: sodiamu imeongezeka, potasiamu imepungua. Ni watu wale wale wa ukoo ule ule. Anayedhani presha ni ya kurithi tu aisome habari hiyo mara mbili. Walichokiacha nyuma ni sahani ya kijijini, yenye mboga na vyakula vya shambani, na hivyo ndivyo vyenye potasiamu: ndizi, viazi, maharage, mchicha, muhogo, parachichi, dafu.

Sasa mbona nisiseme kila nyumba ihamie hapa? Kwa sababu potasiamu haimfai kila mtu. Figo zikiwa dhaifu haziitoi, ikajaa kwenye damu, na moyo unaweza kupiga ovyo au kusimama. Wapo pia wanaotumia dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, kama losatani, enalaprili na spironolaktoni, na hizo ni dawa za presha na moyo, yaani zinaandikwa kwa watu wale wale wanaoshawishika kununua chumvi hii. Mwezi Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuipendekeza kwa watu wazima, lakini likawaweka kando wajawazito, watoto na wenye matatizo ya figo. Kwa hiyo, kabla ya kikopo, kipimo cha damu cha figo, na mazungumzo na daktari ukiwa umeshika dawa zako zote mkononi, si kwa kumbukumbu.

Ladha? Ina uchungu kidogo ukiionja kwenye ulimi, kama betri. Kwenye mchuzi wa nazi hauisikii. Kwenye yai la kuchemsha unaisikia. Na usome kopo kama limeandikwa madini joto, maana si zote zinayo.

Chumvi isiyoitwa chumvi

Hapa ndipo nilipogundua kwamba mabishano yetu ya kopo gani yalikuwa yanakwepa sufuria. Siku moja nilisimama jikoni bila kusema kitu nikaangalia mchuzi mmoja unavyopikwa. Kijiko cha chumvi kilichojaa. Vidonge viwili vya supu. Ng'onda wa papa aliyesuuzwa mara moja, haraka haraka. Kisha mezani mama akaonja, akasema "haijakolea", akatia mkono kwenye kopo la mawe.

Kidonge cha supu kisome kwenye karatasi yake: kitu cha kwanza kwenye orodha kwa kawaida ni chumvi, na mara nyingi ndiyo nusu ya uzito au zaidi. Cha gramu 4 kina kama gramu 2 za chumvi. Hakuna ubaya wa kukitumia, ubaya ni kukitia *juu ya* kijiko kana kwamba ni kiungo kama bizari. Ukilinganisha kidonge na chumvi ya kawaida kwa ajili ya mchuzi mmoja, chagua kimoja. Mimi nachagua chumvi, kwa sababu naweza kuipima, halafu nazidisha kitunguu saumu, tangawizi na ndimu.

Ndimu inastahili sifa yake. Uchachu huudanganya ulimi uone chumvi ipo. Na hapa lugha yetu imetuchezea: chumvi ya ndimu ina jina la chumvi lakini ni asidi tu, haina sodiamu. Magadi, ambayo hakuna anayeiita chumvi, imejaa sodiamu. Mtu anapika makande bila chumvi kwa ajili ya mgonjwa wa presha, kisha anayalainisha kwa magadi, akashangaa kwa nini kipimo hakishuki. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, yataiva kwa muda unaovumilika bila hiyo.

Kwenye dagaa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wa Ziwa Victoria, tunaowaita wa Mwanza, huanikwa juani vivi hivi. Wa Zanzibar huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi ndipo wakaanikwa. Mwenye presha achague wa Mwanza, au wa Zanzibar awaloweke na kumwaga maji. Ng'onda naye alale kwenye maji, yabadilishwe mara mbili, na mchuzi wake usitiwe chumvi kabisa mpaka uonjwe.

Vya dukani vina lebo. Ukikuta imeandikwa sodiamu, zidisha mara 2.5 upate chumvi. Vipande viwili vya mkate vinaweza kuwa na karibu gramu moja, kabla ya siagi yenye chumvi. Kijiko kikubwa cha mchuzi wa soya ni zaidi ya gramu 2. Chipsi za kibandani hazina lebo, zina mkono wa muuzaji. Mwambie asinyunyize, utanyunyiza mwenyewe.

Niseme pia kwamba wataalamu wenyewe hawako meza moja kuhusu kushuka hadi wapi. Utafiti mkubwa wa mwaka 2014, wenye watu zaidi ya 100,000 katika nchi 17, ulikuta hatari inaongezeka kwa wanaokula chumvi nyingi sana na pia kwa wanaokula kidogo sana. Wengine waliupinga, wakisema mkojo wa mara moja haupimi vizuri chumvi anayokula mtu, na kwamba wagonjwa mara nyingi wameshapunguza kula. Kwangu mimi ubishi huo ni wa watu walioko gramu 6. Nyumba yetu ilikuwa mbali na hapo. Kwa waliozidi, jibu halina utata: jaribio la Marekani la mwaka 2001 lilipunguza sodiamu kwa ngazi tatu kwa watu 412, presha zikashuka kila ngazi, na waliopata nafuu kubwa zaidi walikuwa wenye presha ya juu na watu Weusi.

Tulivyoamua

Kipimo cha nyumba nilikipata kwenye paketi yenyewe. Tuko watano. Gramu 5 mara watano ni 25 kwa siku, kwa hiyo paketi ya gramu 500 inatakiwa idumu siku 20 hata kama hakuna chumvi nyingine inayoingia mlangoni. Nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito siku niliyoifungua. Iliisha siku ya 11. Yaani zaidi ya gramu 9 kwa kichwa, watoto wakiwemo, bila kuhesabu vidonge, mkate na papa. Fanya hesabu hiyo kwako kabla hujanunua kopo lolote jipya.

Sufuria ni moja na ina watoto, kwa hiyo inapikiwa ya paketi yenye madini joto, nusu ya kijiko tulichozoea, tukishuka kidogo kidogo. Wiki ya kwanza kila mtu alinuna. Baada ya kama wiki nne ulimi ulizoea, na mwanangu ndiye aliyelalamika kwamba chipsi za mtaani zimezidi chumvi. Nyumba ya wazee wawili wenye figo nzima ningewashauri wapikie ya potasiamu moja kwa moja. Mama, ambaye amekula chumvi nyingi kwa maana zote mbili, vipimo vya figo vyake vilitoka salama, na daktari alipokwisha angalia dawa zake aliruhusu kikopo cha dada kikae mezani mahali pa kopo la mawe. Anachonyunyiza sasa ni hicho, kwa ncha ya kijiko.

"Hii ina ladha ya kifuniko cha soda," aliniambia siku ya kwanza.

"Ongeza ndimu, mama."

Akaongeza. Ya mawe imehamia bandani kwenye ndoo ya samaki. Ya pinki tumeitia kwenye kile kisagio cha kioo, iko sebuleni, inasubiri wageni na kaka. Paketi ya mwisho ilidumu siku 17. Vidonge vya supu sinunui tena, ingawa juzi nilikuta viwili vimefichwa ndani ya kopo la majani ya chai.